Kidole cha Tano

Usinionyeshe weupe wake, Shaame.
Weupe hata kanzu ya kuazima inao.
Mlete pajani, nimfunike macho kwa upindo wa kanga,
atulie, nami nivae miwani.

Huwa naanza na miguu,
maana mguu haujui kujipamba.
Kimoja, viwili, vitatu, cha nyuma cha nne,
na hiki hapa cha tano, kimejikunja juu
kama mtoto aliyegoma kukaa mkekani na wenzake.
Vitano. Umeshatabasamu.
Ngoja.
Kidole cha tano hakina siri kubwa,
mzazi mmoja akiwa nacho anatosha kukigawa;
mwaka juzi nilikihesabu kwa kuku wa Bi Hidaya, Limbani,
naye shingo tupu, kama mpira wa baiskeli.

Sasa napuliza kifuani, malaika yafunguke njia.
Ngozi nyeusi. Masizi ya sufuria
iliyopikia harusi tatu bila kusuguliwa.
Hapo sina neno, hapo Mungu ametia mkono.
Lakini kwapani, panapojificha joto,
pana kiraka cha waridi, upana wa sarafu.

Silki halisi hana manyoya, Shaame, ana usufi.
Nyuzi hazishikani, kila mmoja na safari yake,
hauna uti wa kukamata upepo.
Mvua ikimpiga
anabaki kiganja cha kuku, unamwonea haya.
Huyu wako mgongoni ni pamba, nakubali,
ila nikilivuta bawa, sikiliza:
chwaa!
upepeo wa ukili umefunguliwa.
Sita magumu, yenye uti, yenye makali.
Ningechonga moja nikamwandikia kadhi.

Undu ungekuwa zambarau iliyokanyagwa,
kinundu kizito, cheusi cheusi, kisicho na umbo.
Huu una meno. Matatu. Mekundu.
Na kishungi umekichana, naona, kimelazwa upande
kuyafunika meno.

Basi ndewe.
Buluu! Buluu safi, buluu ya kupendeza,
mpaka nikalowesha kidole gumba kwa mate
nikasugua.
Tazama kidole changu.
Tazama sikio lake.
Umemtia buluu ya kufulia, Shaame bin Faki,
kuku wa watu umemfanya shuka.

Unaniambia mnunuzi anatoka Unguja kwa boti ya Ijumaa,
laki na nusu kwa halisi, kwa chotara hashuki hata bandarini.
Unaniambia ni neno moja tu, herufi sita,
na Konde nzima hadi Wete wanalisadiki likitoka kwangu.
Nikinyamaza unapandisha sauti:
"Na wewe Mize? Nyanya Mngazija,
babu Mshihiri, mama wa Kojani,
wewe nani alikuhesabu vidole?"

Hakuna. Na ungevihesabu
ungekuta kitu cha kila bandari, sikatai,
pua ya huku, nywele za kule,
hasira zote za Kojani.
Ila mimi sikupakwa buluu nikapelekwa sokoni
niitwe nisiyekuwa.
Nikiitwa chotara naitika
na chai namalizia.

Ulikuwa bado unatafuta la kunijibu
kanga ilipoteleza.
Hatua tatu juu ya jamvi la karafuu,
karafuu zikatawanyika kama misumari,
kisha akafungua yale sita
(halisi haruki hata kigoda, unajua,
halisi hupandishwa kiotani kwa mikono kama bibi mgonjwa)
akapita juu ya kofia yako,
juu ya kamba ya nguo,
akatua kwenye bati, kwenye kilele chenyewe,
sikio moja buluu, moja jekundu,
akajikung'uta.

Watoto wa jirani wanapiga makofi.
Mikono yako bado imeshika umbo la kuku.
"Elfu ishirini," unasema, hunitazami,
"nikupe wewe. Anaatamia vizuri."

Mshushe kwanza.
Ngazi iko nyuma ya choo.
Tutapatana akiwa chini.